Nyumba Ambazo Tata Hakuingia

Kwa wiki mbili nilikosa usingizi kwa sababu ya daftari. Lilikuwa jipya, bado linanuka duka, na ndani yake hakukuwa na neno hata moja. Nililiweka mezani, nikalihamishia chini ya godoro, nikalirudisha mezani. Baba mdogo alikuwa amenipa daftari hilo pamoja na kalamu mbili, akaniomba jambo dogo ambalo msichana mwingine yeyote mwenye digrii na miezi minane bila kazi angelifanya bila kujiuliza. Mimi nilijiuliza. Je, mtu anaweza kurudia kosa lile lile, mara ya kwanza akiwa hajui, na mara ya pili akijua vizuri ila ana sababu nzuri? Na sababu nikiwa nayo, bado ni kosa? Swali lilikuwa la kijinga kiasi kwamba sikuona wa kumwuliza.

Nawaandikia wa rika langu, tuliozaliwa bendera ya zamani ikiwa bado juu, tukaanza shule chini ya mpya. Huenda nanyi mnayo nyumba mliyoingia mkiwa wadogo na ambamo hamjatoka mpaka leo.

Kilichonirudisha nyuma ni harufu. Nilikuwa napita njia ya kwenda mtoni, daftari likiwa mkobani, nikakutana na kimea cha wimbi, cha kupikia pombe, kilichoanikwa. Wimbi huloweshwa, hufungwa kwa majani ya mgomba mpaka lichipue, kisha hutandazwa mkekani juani. Harufu yake iko kati ya udongo uliolowa na mkate, na chini kabisa kuna kitu kinachoanza kuchacha. Nilisimama. Sikuhuzunika, wala sikuogopa. Nilisikia tu mikono yangu ikiwa mizito, kama inayobeba kitu.

Tata, yaani baba yangu, alifanywa naibu wa chifu nikiwa na miaka saba hivi. Tuliishi upande wa Ekerenyo, mlimani, chai ikiwa ndiyo kwanza inapandwa na migomba ikishuka mpaka mtoni. Aliyemtangulia alikuwa mtu wa ukoo mwingine, mwenye viatu vizito, na kazi yake kubwa ilikuwa kusaka pombe. Aliingia nyumba yoyote aliyotaka. Alipiga teke mlango, akapiga teke chungu, akatoka na mwanamke aliyemkamata. Alipoondolewa, wakubwa wa tarafa walitafuta mtu anayejua kusoma na asiyekunywa. Tata alikuwa Msabato, mzee wa kanisa, hakuwahi kuonja hata togwa. Nadhani walijiona wamepata dawa ya pombe.

Lakini hao wakubwa walitoka mbali, hawakujua jambo ambalo hata sisi watoto tulilijua. Kwetu, mzazi haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hakuna sheria iliyoandikwa. Ni aibu na heshima pamoja, tunaiita chinsoni. Na mwanawe si yule tu aliyemzaa. Wana wa ndugu zake ni wanawe, na wana wa binamu zake pia. Kwa hiyo katika eneo lote alilopewa Tata, karibu kila nyumba ambamo pombe ilipikwa ilikuwa nyumba ya mkaza mwana wake. Hakuweza kuvuka kizingiti cha hata moja.

Wanawake waliielewa hesabu hiyo siku ile ile. Nilikuwa mtoni na mama, nikawasikia wakicheka mpaka mmoja akaachia mtungi.

"Mkwe wangu ndiye Chifu!" alisema Kwamboka, mke wa binamu yangu Ombati. "Nani tena wa kunitisha? Aje akague chungu changu, kiko uvunguni, karibu na kitanda!"

"Nyamaza wewe," mwenzake akamwambia. "Mama Chifu yuko hapa."

"Mama Chifu namheshimu. Mwambie mumeo, mama, akiingia kwangu nitamtoza mbuzi wa kumtakasa, na nyama sitampa."

Mama hakucheka, lakini hakukasirika. Alijaza mtungi wake polepole akasema, "Mtacheka mpaka lini."

Nilimpenda Kwamboka. Nilikuwa wifi yake mdogo, na wifi ana ruhusa ya kuingia, kutaniwa na kulishwa. Alikuwa na mtoto wa kwanza, wa kiume, aliyekuwa akitambaa kwa upande mmoja kama anayebeba mzigo kwa mkono mwingine. Alinichomea ndizi, akanipangusa jivu mdomoni kwa kidole gumba.

Miezi ikapita. Siku moja gari la Bwana D.O., mkuu wa tarafa, likapanda mpaka uani kwetu. Nilikuwa chini ya ghala la mahindi, mahali nilipopenda kuchezea kwa sababu palikuwa na kivuli na vumbi laini. D.O. hakukubali kiti. Alisema Kiswahili cha haraka.

"Miezi mitatu, Chifu. Hata mtungi mmoja?"

"Bwana D.O., nyumba hizo ni za wanangu. Mimi siwezi kuingia."

"Huwezi kuingia nyumba?"

"Siwezi."

"Una miguu?"

Tata alivua kofia. Sikuwahi kumwona akinyamazishwa na mtu.

"Sikiliza," D.O. akasema. "Usiingie, mimi sina neno. Lakini lazima ujue kilichomo ndani. Kama hujui, nitamtafuta anayejua."

Gari liliposhuka, Tata alibaki amesimama, kofia ya kaki mkononi, akiangalia mashina ya migomba. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe lilitoka kwenye huruma. Mimi nilielewa kwamba Tata amekaripiwa kwa sababu hajui hali ya wanawe. Nikafikiri: kweli, watu wote wanaingia katika zile nyumba zenye joto, wanaketi kando ya moto, wanapewa ndizi, isipokuwa yeye. Yeye husimama nje akakohoa, akasalimiwa kupitia ukutani, akaenda zake. Nilimwonea uchungu sana.

Kesho yake alasiri akaniita.

"Nenda kwa Ombati ukaombe moto."

"Moto upo," mama akasema kutoka jikoni.

"Huo una moshi," Tata akasema.

Nilichukua kigae, nikaenda, nikarudi na makaa matatu. Tata hakuyaangalia. Aliniketisha karibu naye juu ya benchi, jambo ambalo hakulifanya hata Sabato.

"Hawajambo?"

"Hawajambo."

"Mtoto?"

"Anatambaa. Ana meno mawili."

"Na mama yake alikuwa anafanya nini?"

"Anageuza wimbi mkekani."

"Wimbi jingi?"

"Mkeka mzima."

"Ombati bado anakohoa?"

Ndivyo alivyouliza, siku ile na siku nyingi zilizofuata, nyumba hii na nyumba ile. Swali la pombe likiwa katikati ya swali la kikohozi na swali la meno. Nimeyarudia maswali hayo kichwani mara nyingi kuliko somo lolote la chuo kikuu, na mpaka leo siwezi kusema ni yapi aliyoyauliza kwa ajili ya D.O. na ni yapi aliyoyauliza kwa ajili yake. Nina hofu kwamba yote aliyauliza kwa dhati. Alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama, akitabasamu niliposimulia vituko vya watoto. Sikuwahi kuwa na baba kama nilivyokuwa naye kwenye benchi lile. Kwa hiyo nilijifunza kuona. Nilihesabu mitungi. Niliangalia nyuma ya kiambaza. Niliona pipa kwa Kwamboka, lililofunikwa kwa gunia, na bomba la shaba limelazwa juu ya dari, na nilikimbia nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyepata mapera porini.

Askari wakaanza kuja. Walikwenda nyumba mbili, wakapata walichokitaka bila kupekua sana. Nilidhani askari ni watu wenye akili nyingi. Wanawake mtoni waliacha kucheka, wakaangaliana wao kwa wao. Hakuna aliyeniangalia mimi.

Siku waliyokwenda kwa Kwamboka nilikuwa nimefuatana nao kama watoto wengine wote. Jana yake nilikuwa pale nikiomba moto, na yule mtoto alikuwa amesimama, akaachia ukuta, akapiga hatua tatu kisha akaketi kwa kishindo. Kwamboka alipiga kigelegele. Mimi nilikuwa mtu wa kwanza kuona zaidi ya mama yake, na Tata akawa mtu wa kwanza kuambiwa, baada ya habari za pipa.

Askari wawili waliingia. Tata alisimama uani, akaupa mlango mgongo, mikono nyuma, uso kwenye migomba. Tulisikia gunia likiburutwa. Walitoka na pipa na bomba, kisha na Kwamboka, mtoto kiunoni.

"Tata," alisema, "hunisalimii leo?"

Tata hakugeuka. "Hamjambo. Mtoto hajambo?"

"Mtoto anatembea," Kwamboka akasema. "Lakini umeshaambiwa."

Akaniangalia. Hakuniangalia kwa ukali. Aliniangalia kama mtu anayetafuta mahali alipoweka kitu, akapaona. Kisha akampa mama mkwe wake mtoto, akafunga kitambaa cha kichwa vizuri, akashuka na askari kuelekea njia ya magari ya Kisii.

Najua mtanicheka, lakini kwa miaka mingi niliamini kwamba kosa langu lilikuwa kuzisema zile hatua tatu. Nilifikiri habari ya mtoto kutembea ni ya mama yake kuitoa, na mimi nimeiba. Niliacha kabisa kusema habari za watoto wachanga. Mtoto akizaliwa jirani, nilisubiri nisikie kwa wengine. Tata aliponiita tena kwenye benchi nilimweleza mitungi yote, mapipa yote, lakini habari za watoto nilizificha, nikajiona nimetubu.

Siku moja baada ya Kwamboka kukamatwa, Ombati alikuja kwetu. Nilidhani anakuja kugombana. Aliketi chini ya upenu, hakuingia, akakohoa.

"Tata, nimekuja kushukuru."

"Kwa lipi?"

"Umetuheshimu. Askari wako waliingia, lakini wewe hukuingia."

"Siwezi kuingia nyumba ya mwanangu," Tata akasema.

"Tunajua. Yule wa zamani angeingia."

Wakanywa uji. Mama aliwapa vibuyu bila kuwaangalia, akarudi jikoni akaketi kwenye moshi.

Kwamboka alikaa ndani miezi minne. Aliporudi amekonda na nywele zimenyolewa, mtoto alimkimbia. Alimwona akimnyooshea mikono, akalia, akajificha nyuma ya bibi yake. Nilikuwa nimesimama kwenye ua. Nakumbuka nilikuwa natafuna muwa, na kwamba sikuacha kutafuna.

Nilielewa nikiwa kidato cha pili, katika bweni, siku ambayo kiranja mmoja aliniambia kwa upole nimweleze wenzangu wanasema nini kuhusu matroni. Alianza kwa kuuliza kama mama amepona. Ndipo mambo yote yakapangika, moja nyuma ya jingine, bila kelele. Nilimwambia sijui. Nilikwenda kuoga. Sikulia wakati huo, na nimekuwa nikingoja kulia tangu hapo, kama mtu anayengoja barua.

Tata alifariki mwaka jana, akiwa naibu wa chifu mpaka siku alipoanguka. Siku ya mazishi uwanja ulijaa. Msemaji baada ya msemaji alitaja heshima yake. "Miaka yote ile madarakani," mzee mmoja alisema, "hakuvuka kizingiti cha mwanawe hata mara moja." Watu wakaitikia kwa kichwa. Nilitafuta uso mmoja uliokuwa na kejeli, sikuuona. Walijua wote, na wote walimaanisha. Nilifika hapo nikidhani kwamba madaraka humbadilisha mtu, na kwamba kabla ya kile cheo kulikuwa na Tata mwingine. Sasa sina hakika. Alibaki vile vile, na heshima yake hakuivunja. Alipata tu mtu mfupi wa kupita chini yake.

Na sasa baba mdogo, binamu yake Tata, anagombea ubunge. Si mtu mbaya. Anataka barabara ya kwetu iwekwe kokoto, anataka zahanati, na nadhani anataka kweli. Aliniita kwake, akanipa chai na daftari.

"Wewe ni msomi, na ni binti yao," alisema. "Wanaume nawajua, wananiambia sokoni. Wanawake ndio kura. Mimi ni mkwe wao, siwezi kuketi jikoni. Wewe unaweza."

"Nikawaambie nini?"

"Usiwaambie kitu. Wasikilize. Nani yuko nami, nani yuko na yule mwingine, nani analalamika kuhusu nini. Jina, nyumba, alilosema. Kisha niletee."

"Na wale walio na yule mwingine?"

"Nitajua jinsi ya kuongea nao." Akatabasamu, na lilikuwa tabasamu zuri. "Nikishinda, ofisi huko Kisii mjini haitakupita. Mama yako hajambo?"

Hiyo ndiyo ilikuwa wiki yangu ya kwanza ya kukesha. Nilijitetea kila upande. Mbunge anapaswa kujua shida za watu. Mtu akisikiliza hajaiba kitu. Mama anahitaji dawa za mgongo, mdogo wangu Kerubo amemaliza kidato cha nne na yuko nyumbani. Nikikataa, mimi ni nani wa kujifanya msafi? Au je, ninakataa ili nami nisimame nje, nitazame migomba?

Siku ile ya harufu ya wimbi niligeuka, nikaifuata. Mkeka ulikuwa mlangoni kwa Kwamboka. Ameota mvi, amenenepa kidogo. Yule mtoto wake ni kijana sasa, anachuna chai.

"Wifi," alisema bila kuinua uso. "Umetumwa?"

"Nimetumwa."

"Na nani safari hii?"

Nikamwambia, na daftari nikamwonyesha. Alicheka kifupi.

"Angalau safari hii unasema."

Niliketi kwenye gogo. Nilisema nilichokuwa nimekibeba, nikianzia mwisho, kwa zile hatua tatu. Alinikatiza.

"Hatua? Hatua zina kosa gani? Ulimwambia habari za pipa."

"Nilimwambia vyote."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Minane."

"Wa miaka minane hashtakiwi." Aliendelea kugeuza wimbi kwa kiganja, polepole, kila punje. "Na sasa una mingapi?"

Aliniletea maji. Niliyanywa, nikarudisha kikombe, nikaenda moja kwa moja kwa baba mdogo, njia nzima nikihesabu nguzo za ua ili nisifikiri.

Alikuwa na wageni kutoka Nyamira. Alinivuta pembeni.

"Umeleta?"

"Nimerudisha. Sijaandika kitu, na sitaandika. Ukitaka kujua wanawake wanasema nini, waite uwanjani uwaulize."

Hakukasirika. Alilipitisha daftari kati ya vidole, ukurasa kwa ukurasa, kama anayetafuta kosa la kiwandani.

"Sawa, mama," alisema. "Kila mtu na kazi yake. Yule mdogo wako, Kerubo, si amemaliza shule? Yeye mwandiko wake ni mzuri."

Nilikuwa nimedhani kukataa ni mwisho wa jambo. Nilimkuta Kerubo akisuka nywele za jirani. Nikamvuta kando, nikamweleza kila kitu, benchi, kigae, pipa, gereza, mtoto aliyemkimbia mama yake. Alisikiliza huku kitana kikiwa kimekwama nyweleni mwake.

"Tata wetu?" akauliza.

"Tata wetu."

Alichomoa kitana. "Akinikosa mimi, atampata Bosibori. Au yule wa dukani."

"Ndiyo. Kwa hiyo vaa viatu."

Tulikwenda nyumba kumi na moja alasiri hiyo. Katika kila moja niliingia, nikaketi, na kabla ya kupewa chochote nilitaja jina langu, nikasema mimi ndiye niliyekuwa naomba moto, na nilikuwa nauomba kwa ajili gani. Kisha nikataja aliyenituma sasa, na kwamba nimekataa, na kwamba atakuja msichana mwingine, atauliza habari za watoto kwanza. Wengine walishangaa. Mmoja alinifukuza, akisema nimemtukana marehemu na matanga bado hayajapoa. Wengi walinisikiliza wakiendelea na kazi zao, kama watu wanaosomewa barua ambayo walishaisoma.

Katika nyumba ya mwisho mama mmoja mzee alikuwa anamenya ndizi za jioni. Aliendelea kumenya mpaka nikamaliza.

"Na ile kazi ya Kisii?"

"Imekwenda."

"Baba yako mdogo hatakusamehe. Wala mama yako hatafurahi."

"Najua."

"Lo," alisema, akatafuta kisu cha pili ndani ya kikapu, akanipa kwa upande wa mpini. Kerubo alisogeza sufuria katikati yetu.